Watu Kumi na Tano Kabla ya Saa Kumi

Kaylin Drozd alikuwa ameshavaa koti, kofia ameishusha mpaka kwenye nyusi, mkono mmoja uko kwenye kitasa cha mlango, na Profesa Achterberg alikuwa bado anaongea. Alisubiri sentensi iishe, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayeaga msibani:

"Samahani, Profesa. Mimi ndiyo naondoka."

"Unatoka mara moja, au unaondoka?"

"Naondoka moja kwa moja. Kule ghalani wamenibadilishia zamu. Kuanzia leo, kila Ijumaa naingia saa tano asubuhi. Nikikataa, kuna watu hamsini wanaitaka."

"Jina umeshalitoa kwenye orodha?"

"Jana, kwenye simu. Leo nimekuja kuaga tu. Nimeona si adabu kupotea kama paka."

Profesa alimshukuru, akamtakia heri. Mlango ukafungwa, na karibu wote waliobaki wakageukia dirishani kumtazama Kaylin akikatiza maegesho, theluji ikimfika vifundoni, mpaka kigari chake kikakohoa mara tatu na kuwaka. Renata Hulse hakutazama dirishani. Alikuwa anahesabu vichwa.

Alihesabu mara mbili, ingawa jibu alilijua. Kwenye chuo cha jamii cha Tolliver, darasa lisilofikisha watu kumi na tano ifikapo Ijumaa ya wiki ya pili, saa kumi jioni, linafutwa. Kaylin ndiye aliyekuwa wa kumi na tano.

Darasa lenyewe lilikuwa Mbinu za Utafiti, somo la mwisho la wanaosoma sosholojia. Lilifundishwa mara moja tu kwa mwaka, muhula wa theluji, kila Ijumaa saa tatu mpaka saa sita. Renata alikuwa na miaka thelathini na sita, na kwa miaka sita alikuwa akisoma pale somo mojamoja, kama mtu anayejenga nyumba kwa tofali la kila mwezi. Usiku aliwaosha na kuwageuza wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee ya Barabara ya Cutler. Asubuhi alikuja chuoni na viatu vyake vyeupe vya kazi. Kwenye begi alikuwa na barua ya chuo kikuu cha jimbo. Nafasi ipo, ruzuku ya miaka miwili ipo, mwezi wa nane aje, kwa sharti moja: amalize Mbinu za Utafiti kabla ya mwezi wa sita. Asipomaliza, nafasi anapewa mwingine. Barua hiyo alikuwa ameisoma mpaka mkunjo wake umeanza kuchanika.

"Sasa tuko kumi na nne kwenye orodha," Profesa alisema. Hakukuwa na haja ya kueleza zaidi. Darasani walikuwa wamekaa kumi na mmoja. Watatu wengine walikuwa majina tu. Tangu muhula uanze hawajaonekana.

"Na Mzee Pruszka?" Renata aliuliza. "Yeye yuko hapa kila siku. Si ndiye wa kumi na tano?"

"Mzee Pruszka ni msikilizaji, Renata. Msikilizaji hahesabiwi."

"Niko hapahapa, nawasikia," mzee akasema kutoka kiti cha mbele. "Si ndiyo kazi yangu?"

Watu wakacheka kidogo, kicheko cha baridi. Leland Pruszka alikuwa na miaka sabini na nane. Mtu akishapita sitini pale chuoni anaruhusiwa kuketi darasani bure, bila mtihani na bila alama, mradi asimnyime kiti anayelipa. Alianza kuja mkewe alipofariki. Mwanzoni, mwenyewe alikiri, alifuata joto. Nyumba yake ilikula gesi kama tembo. Baadaye akanogewa. Aliandika kila neno la mwalimu nyuma ya karatasi kuukuu za mahudhurio za kiwanda cha friza, alizoziokota siku kiwanda kilipofungwa.

Profesa alitazama saa yake. Nadine Achterberg alifundisha vyuo vitatu, na cha pili kilikuwa mwendo wa saa moja na nusu, kwenye barabara ambayo leo ilikuwa kioo kitupu cha barafu. Aliwaachia mapema.

"Sikilizeni. Mzee akikubali kujisajili kama mwanafunzi kamili, tutafika kumi na tano. Mimi nimeshawaandikia barua pepe watano pale utawala, hakuna anayejibu. Lazima niwe barabarani sasa hivi." Alikuwa anasukumia karatasi kwenye mkoba huku anaongea. "Na nawaambia ukweli, si ninyi tu. Hili likifutwa nabaki na madarasa mawili. Wa madarasa mawili hapewi bima ya matibabu."

Alisema hivyo kama anayetaja hali ya hewa, akavuta kofia, akatoka.

Renata alimkuta mzee kwenye ukumbi, karibu na mashine ya kahawa, anafungua mkate wake wa soseji baridi.

"Mzee, nina ombi, na ni kubwa."

"Binti, nimekalia viti vya chuo hiki miaka mitatu na hakuna aliyewahi kuniomba hata kalamu. Sema."

"Ukijisajili kamili utalipa. Dola mia tano sitini na moja. Mimi sina. Ningekuwa nazo ningekulipia."

Mzee alitafuna polepole, upande wa kushoto tu.

"Hizo ninazo. Nilikuwa nimeziweka kwa ajili ya meno. Nimebakiwa na meno matatu yanayokutana." Akameza. "Yataendelea kukutana."

"Nitakurudishia, haki ya Mungu."

"Usinirudishie. Wewe ukishahitimu ukakaa kwenye ofisi zenu hizo za serikali, nikija dirishani kwako usiniambie nirudi kesho. Haya, twende kabla sijafikiria."

Dirishani kwa usajili alikuwepo Bi Gayle Ruppert, sweta lina kulungu kifuani ingawa Krismasi ilipita zamani. Foleni ilikuwa ya watu tisa. Kila mmoja aliyefika mbele alikaa dakika kumi na kuondoka na karatasi ya kwenda dirisha lingine. Zamu yao ilipofika ilikuwa saa sita na robo. Bi Gayle aliandika, akabonyeza, akakunja midomo.

"Mashine inakataa. Huyu baba hajasoma Utangulizi wa Sosholojia."

"Nimesoma mara tatu!" mzee alisema.

"Umesikiliza mara tatu, mpenzi. Kusoma hujasoma hata mara moja."

"Muulize swali lolote," Renata akasema. "Lolote."

"Mimi nitajuaje jibu?" Bi Gayle hakuwa na ubaya, alisema kama jambo lilivyo. Alitoa fomu ya rangi ya waridi. "Hii ya kuondolewa sharti. Asaini mkuu wa idara. Mimi narudi kutoka kula saa saba na nusu."

"Mkuu wa idara ya sosholojia ni nani siku hizi?"

"Sosholojia haina idara tena, mama. Imeunganishwa. Ni Usalama wa Umma na Sayansi za Jamii. Mtafuteni Sajini Stroud. Leo yuko maegesho ya nyuma, anafundisha kusimamisha magari."

Maegesho ya nyuma yalikuwa barafu. Mzee alimshika Renata kiwiko, wakatembea kama mtu na mkewe wanaotoka kanisani, hatua fupifupi. Kule nyuma, vijana wanane wenye makoti yanayong'aa walisimama katikati ya koni za rangi ya machungwa, na mmoja wao alikuwa anagonga dirisha la gari mkweche lenye taa za polisi juu, akimwamuru dereva asiyekuwemo atoe leseni. Stroud, mwenye shingo nene na filimbi pembeni mwa mdomo, aliisoma fomu ya waridi akiwa ameishika mbali na macho.

"Mimi sosholojia siijui," alisema. "Waliniachia tu, kama mtu anavyoachiwa mbwa wa jirani aliyehama. Nampa chakula. Simjui jina." Akamtazama mzee. "Haya, baba. Umejifunza nini huko? Unieleze mimi, mtu wa kawaida."

Mzee Pruszka alisimama kidogo apate pumzi. Mvuke ulimtoka mdomoni.

"Kile kiwanda cha friza kilipofungwa," akasema, "tulitoka watu elfu moja na mia nne siku moja. Nikakaa miaka ishirini naamini mimi ndiye nilifanya kosa. Nilidhani labda ningeamka mapema zaidi. Mke wangu naye alidhani hivyohivyo, ila hakunisema. Nimekuja hapa, huyo mama Achterberg akachora mstari ubaoni: mwaka huu viwanda kadhaa, mwaka ule kadhaa. Nikaona siku yangu iko pale kwenye mstari. Kinukta." Akafuta pua kwa glovu. "Watu elfu moja na mia nne hawachelewi kuamka siku moja. Ndicho nilichojifunza. Mengine ni maneno yao magumu."

Stroud aliitoa filimbi mdomoni, akaitazama.

"Baba yangu alikuwa kwenye mstari wa kufunga milango ya friza," alisema.

"Jina?"

"Stroud. Dale."

"Dale Stroud! Alikuwa anaimba vibaya."

"Mpaka anakufa." Sajini akaweka fomu juu ya boneti, akasaini kwa kalamu iliyoganda, akaipumulia ncha, akasaini tena. "Ila nikiulizwa, mmenikuta nina kazi, sikusoma."

Bi Gayle alirudi saa nane kasoro kumi. Mzee aliandika hundi kwa mkono wa mtu aliyefundishwa hati shuleni, herufi zimelala upande mmoja. Bi Gayle akabonyeza, akageuza skrini ili waone wenyewe: Mbinu za Utafiti, chumba 114, wanafunzi kumi na tano. Renata aliisoma namba hiyo kwa sauti. Alikuwa hajalala tangu jana mchana. Alimkumbatia mzee, akamvurugia kofia.

"Taratibu," Bi Gayle akasema, na hapo ndipo uso wake ulipobadilika. "Mtu akiingia siku ya mwisho kwa fomu ya waridi, darasa lazima lipitishwe na mkuu wa kitivo. Ghorofa ya pili. Mumwone kabla ya saa kumi."

"Si tumeshafika kumi na tano?"

"Mmefika. Sasa akubali kwamba mmefika."

Ghorofa ya pili kulikuwa na zulia. Karani wa mkuu wa kitivo, Terrence Ickes, kijana mwenye shati lililonyooka na kucha safi kuliko za muuguzi, aliwaambia Dk. Sayles yuko kikaoni mpaka saa tisa na nusu. Kisha akawapa habari nyingine: mkuu hapitishi darasa bila maelezo ya uhitaji. Ukurasa mmoja, na ushahidi. Kwa nini darasa hili linahitajika, na nani analihitaji.

Hapo Renata alitabasamu. Kwa mara ya kwanza siku ile, aliombwa kitu alichokuwa nacho.

Wiki ya kwanza Profesa aliwapa zoezi: kila mtu ahesabu kitu mahali pake mwenyewe. Mmoja alihesabu mikokoteni ya dukani iliyotupwa mitaroni. Renata aliwahesabu wenzake. Aliongea na wote, na wale watatu wasiokuja aliwapigia simu jioni kabla ya kwenda kazini, kwa namba alizopewa na Profesa. Akachora jedwali safi, la rula: namba ya mtu, saa za kazi kwa wiki, watoto, wazee anaowatunza, umbali wa kuja, siku alizokosa, sababu. Saa za kazi kwa wastani, thelathini na nane. Profesa aliandika pembeni kwa wino wa kijani: Hii ndiyo kazi. Renata alikuwa hajawahi kuandikiwa hivyo na mtu yeyote.

Alikaa kwenye kiti cha wageni akaandika ukurasa mmoja wa maelezo, mzee akimsahihishia kwa kunong'ona. Akaongeza kwenye jedwali waliokosa leo, akaliambatanisha. Terrence alilipitia kwa kidole.

"Zuri sana. Lakini hawa ni akina nani? Namba moja, namba mbili."

"Tunaficha majina. Ndivyo tunavyofundishwa. Mtu aliyekupa habari zake usimwanike."

"Naelewa. Ila bila majina si ushahidi, ni hadithi. Mtu yeyote anaweza kukaa nyumbani akaandika watu kumi na wanne wanaofanya kazi saa thelathini na nane." Alisema kwa upole. "Dk. Sayles anapenda takwimu. Akiona majina yanalingana na orodha, dakika mbili amemaliza. Bila majina atasema tuliangalie Jumatatu, na Jumatatu darasa halipo."

Renata akampigia Profesa. Simu iliita mpaka ikachoka. Alikuwa darasani huko, au alikuwa mtaroni na gari lake. Hakuna wa kujua. Saa ya ukutani ilionyesha tisa na dakika tano.

"Binti," Mzee Pruszka alisema kwa sauti ya chini. "Kule kiwandani, sikuwahi kuona karatasi yenye majina imepanda ghorofani ikashuka na heri."

"Hii si kiwanda, mzee."

"Zulia ni lilelile."

"Nifanye nini sasa? Nikae nisubiri? Nimekutoa dola mia tano za meno!"

Renata alichukua penseli, maana penseli inafutika, akaandika majina pembeni ya namba, moja baada ya jingine. Karibu na namba tisa aliandika Dario Quezada. Karibu na kumi na moja, Tamsin Ogle. Karibu na kumi na nne, Bounmy Phrasavath. Terrence akalipokea jedwali, akaligonga muhuri wa tarehe na saa, akaingia nalo ndani.

Waliitwa saa kumi kasoro dakika ishirini na mbili.

Dk. Sayles alikuwa mtu mchangamfu, mwembamba, mwenye viatu vya kukimbilia chini ya suti. Alisimama, akawapa mikono wote wawili, akamwita mzee "bwana". Jedwali lilikuwa mbele yake, limepigiwa mistari ya njano.

"Ni wewe uliyefanya hii? Peke yako?"

"Ndiyo, Daktari."

"Kazi safi sana. Nakwambia, nina watu wanaolipwa mishahara hawawezi kuniletea kitu kama hiki." Akaligeuza ili wote walione. "Ndiyo maana inaniuma. Hawa watatu, Quezada, Ogle, na huyu, nisamehe, sijui linavyotamkwa. Umeandika wamekosa vipindi vyote. Cha wiki iliyopita na cha leo."

"Wana sababu. Nimeziandika. Dario wamemwongezea zamu ya kupakua malori, bosi amemwahidi kuanzia Ijumaa ijayo yuko huru. Tamsin anampeleka mama yake kusafishwa figo. Bounmy yuko kiwanda cha nyama, wamefunga likizo zote mpaka—"

"Nimesoma, nimesoma. Na nawahurumia. Lakini kanuni ya chuo iko wazi. Asiyefika hata mara moja mpaka mwisho wa wiki ya pili hawezi kubaki kwenye orodha, kwa sababu ruzuku inalipwa kwa mtu aliyepo. Nikiwa sijui, sijui. Nikishajua siwezi kujifanya sijui." Akageuza skrini yake. "Na kuna jambo lingine. Kwenye mahudhurio yaliyoletwa chuoni, wote watatu wana alama. Wiki ya kwanza wamehudhuria, na leo wamehudhuria. Mwalimu wenu ndiye aliyeziweka."

Renata aliitazama skrini. Vile vialama vidogo vya kijani. Akaelewa kwa nini Profesa alimpa zile namba za simu, na kwa nini asubuhi, alipoita majina yale na hakuna aliyeitika, aliinamisha kichwa akaendelea kuandika. Alikuwa anawashikia nafasi. Wiki nyingine moja tu.

"Nilikosea," Renata akasema.

"Ulikosea wapi?"

"Hapo. Wale watatu walikuja. Nimeandika vibaya. Nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, niliandika nikiwa na usingizi."

Dk. Sayles aliweka kidole kwenye mstari. "Umeandika kwamba mama yake Tamsin anasafishwa figo Jumanne, Ijumaa na Jumapili, saa tatu asubuhi. Hilo nalo ni usingizi?"

"Nilibuni."

"Renata," mzee alisema.

"Nilibuni yote. Nilitaka alama. Sikumpigia mtu simu." Sauti yake ilikuwa imetulia kuliko ilivyokuwa siku nzima. "Mwalimu alisema kweli, mimi ndiye mwongo. Andika hivyo."

"Unaelewa unachokisema? Kubuni takwimu ni kosa la nidhamu. Linaandikwa kwenye kumbukumbu zako. Chuo kikuu wataliona."

"Andika."

Ukweli usemwe, Dk. Sayles hakuwa na furaha. Hata hivyo akavuta karatasi, akaandika. Renata akanyoosha mkono achukue jedwali lake.

"Hilo limeshapokelewa," Terrence alisema kutoka mlangoni. "Lina muhuri."

"Ni langu. Nimesema ni la uongo. Mnalitaka la nini?"

Dk. Sayles alikuwa ameshageukia kompyuta. Kumi na tano ikawa kumi na mbili, na baada ya kumi na mbili mstari wote wa darasa ukawa wa kijivu: limefutwa. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika tisa.

"Bwana Pruszka," alisema, bado anabonyeza, "utarudishiwa pesa yako, ukitoa ada ya usajili. Inachukua muda kidogo."

"Na kiti changu?" mzee aliuliza. "Kile cha kusikiliza. Kuna darasa la historia Jumanne, nilikuwa naenda."

Dk. Sayles alitazama skrini. Ikaonekana kwamba mtu akishajisajili kama mwanafunzi kamili, hawezi kurudi kuwa msikilizaji ndani ya mwaka uleule wa masomo. Alisema atauliza kama inawezekana. Aliandika kwenye kikaratasi cha njano, akakibandika juu ya vikaratasi vingine.

Walishuka ngazi. Renata alikuwa anamshika mzee kiwiko, au mzee ndiye anamshika yeye.

"Ungeniacha niseme mimi ndiye niliyebuni," mzee alisema. "Mimi watanifanya nini?"

"Hati yako ingekuumbua. Unaandika kama kadi ya harusi."

Hawakucheka. Alimpeleka mpaka kwenye gari, akamkwangulia kioo barafu, kisha akaenda kulala kwa muda wa saa tatu kabla ya zamu.

Basi, mambo yalikwenda hivi. Chuo kilichukua vyote viwili: jedwali lilihesabiwa kuwa la kweli kwa ajili ya kuwafuta wale watatu, na ungamo lilihesabiwa kuwa la kweli kwa ajili ya kumwadhibu Renata. Karatasi hizo mbili zimo kwenye faili moja.

Dario Quezada alibakiwa na somo moja, ruzuku yake ikakatwa, na hakurudi muhula uliofuata. Anapakua malori. Tamsin Ogle alihama na mama yake kwenda kwa dada yake, jimbo jingine. Bounmy Phrasavath yuko kiwanda cha nyama. Alipandishwa kuwa msimamizi wa mstari, na Renata alipokwenda kumwomba msamaha alimpa mfuko wa mbavu, akamwambia hakumbuki ni kosa gani.

Nadine Achterberg alipewa barua ya kurasa mbili kuhusu mahudhurio. Hakuitwa tena Tolliver, na vile vyuo vingine viwili vikapata habari kutoka huko. Sasa anapokea simu za wateja kwenye kampuni ya bima. Hajamlaumu Renata. Hajampigia pia.

Kaylin Drozd alifanya kazi ghalani miezi mitano, mpaka zamu ile ya Ijumaa ikafutwa.

Sajini Stroud aliulizwa kuhusu fomu ya waridi, akasema alikuwa na kazi, hakusoma. Gayle Ruppert alistaafu mwezi wa tano. Dk. Sayles alipata ukuu wa chuo kingine, kikubwa zaidi. Kwenye taarifa yake ya mwisho kwa bodi kulikuwa na ukurasa kuhusu maisha ya wanafunzi wafanyakazi, wastani wa saa thelathini na nane kwa wiki. Majina yalikuwa yameondolewa ili kulinda siri za wanafunzi.

Somo la Mbinu za Utafiti halikufundishwa mwaka uliofuata wala uliofuata huo. Chumba 114 kinatumika kufundishia matumizi ya mashine za ghalani.

Leland Pruszka alirudishiwa pesa zake baada ya wiki tisa, pungufu ya dola arobaini. Majira yale ya baridi alikaa nyumbani, joto ameliweka chini. Mwezi wa tatu alipata kichomi, na mwezi wa nne aliletwa Barabara ya Cutler, chumba cha mwisho upande wa kaskazini. Renata alimwosha na kumgeuza kwa wiki sita. Alikufa siku ambayo Renata hakuwa na zamu.

Chuo kikuu cha jimbo kiliandika barua fupi. Nafasi ilitolewa kwa mwingine.

Renata bado anafanya zamu ya usiku. Wageni wakimwuliza kama amesoma, anasema kidogo.